Vijana wa Khedive Ismail

Mji wa Al Wakrah, ulioko Qatar, kusini ya Doha kwa mwendo mfupi kandokando ya Ghuba, ulilelewa na bahari sawasawa na Lamu, Mombasa na Unguja. Na katika nyumba za kale za pwani hii, dari zilishikiliwa na boriti za mikoko zilizokatwa Rufiji na Lamu, zikapakiwa majahazini kaskazi ilipokuwa ikielekea kwisha, zikavushwa kwa upepo wa kusi hata zikafika katika nchi isiyokuwa na msitu. Waliozipakia na waliozishusha walikuwa vijana. Nahodha huwa na jina, na mwenye chombo huwa na daftari, lakini baharia, hasa yule mdogo atumwaye kupanda mlingoti na kukumba maji ya ngama, aghlabu hukumbukwa na mama yake tu. Na mama akiisha kufa, kumbukumbu hiyo huzikwa pamoja naye. Habari ninayokusudia kuisimulia ni ya vijana wa namna hiyo, waliotoka ng'ambo ya pili ya bahari hii, wakapotea majini kwa mkupuo mmoja katika Vita Kuu ya Pili, wengine wakiwa mabaharia na wengine wakiwa askari waliogeuzwa kuwa abiria. Na nimeona yafaa kuianzia hapa Al Wakrah kwa sababu adui aliyewaua alikwisha kupita katika malango ya Ghuba kabla ya kuwafikia.

Kabla ya mafuta, mali ya Al Wakrah ilikuwa lulu. Kila mwaka, joto la kiangazi lilipopamba, vyombo vilitweka matanga kwenda mahali pa chaza, na mtoto wa miaka kumi na miwili au kumi na mitatu alichukuliwa chomboni kupika kahawa, kuchota maji na kusaidia kumenya chaza, mpaka akapata kifua cha kuvuta kamba ya mzamiaji, kisha akazama mwenyewe, jiwe mguuni na kibano puani, mara nyingi kwa siku, kwa muda wa miezi minne hivi. Alianza kazi na deni, na aghlabu alimaliza maisha na deni, na deni lile lilimfuata mwanawe. Miongoni mwa wazamiaji wa Ghuba walikuwamo wengi wenye asili ya Afrika ya Mashariki, ambao wao wenyewe au wazazi wao waliletwa huku katika biashara ya watumwa. Na Qatar haikufuta utumwa kwa sheria hata mwaka 1952, habari ambayo leo inaelezwa bila kificho katika nyumba ya makumbusho ya Bin Jelmood mjini Doha. Kwa hiyo undugu wa pwani hizi mbili haukuwa wa tende na boriti peke yake. Ulikuwa pia undugu wa jasho la vijana wasioulizwa ridhaa yao.

Mambo mawili yaliivunja kazi ya lulu. La kwanza ni mporomoko wa biashara ya dunia ulioanza mwaka 1929, na la pili ni ufundi wa Wajapani wa kulea lulu ndani ya chaza, ambao uliishusha mno thamani ya ile lulu ya kuzamiwa. Mafuta nayo yalitafutwa Dukhan tangu mwaka 1938, yakapatikana, lakini vita vikaingia kati, na mwaka 1942 visima vikazibwa. Shehena ya kwanza ya mafuta ya Qatar haikuondoka hata mwisho wa mwaka 1949. Baina ya lulu iliyokufa na mafuta yaliyozibwa, watu wa pwani hii waliishi miaka ya dhiki ambayo wazee waliitaja kwa huzuni mpaka mwisho wa umri wao, na wengi walihama kutafuta riziki. Waliobaki na chombo walirudi katika safari za mbali, kwa maana meli za moshi zilikuwa zimechukuliwa kwa kazi za vita, na jahazi, ambalo watu walidhani zama zake zimepita, likapata tena thamani yake katika Bahari ya Hindi.

Lakini bahari yenyewe ilikuwa imebadilika. Katika mwaka 1943 zilizunguka humo nyambizi za Kijapani na za Kijerumani, na moja yao iliitwa I-27, ikiongozwa na kamanda Toshiaki Fukumura. Tarehe 20 Machi mwaka huo nyambizi hiyo iliizamisha meli ya Kiingereza iliyoitwa Fort Mumford, na katika watu wake wote akasalimika mmoja tu, kijana mpiga mzinga, aliyeokotwa baharini na jahazi na kufikishwa Mikindani, katika pwani ya kusini ya Tanganyika. Hebu msomaji azingatie jambo hili: meli ya chuma ya zama mpya imekwenda chini na kila kilichokuwamo, na mtu wake wa mwisho anarudishwa kwa walio hai na chombo cha mbao na tanga, cha namna ileile iliyokuwa ikileta boriti Ghuba.

Kisha I-27 ikapanda kaskazini. Tarehe 28 Juni 1943 ilikuja mpaka mbele ya Maskati, ikaipiga meli ya Kinorwe, Dah Pu, ilipokuwa imetia nanga bandarini ikishusha shehena. Na baadaye ikazijeruhi meli nyingine katika Ghuba ya Omani. Miezi michache baadaye, tarehe 16 Oktoba, ilikuwa zamu ya Wajerumani kuonja mauti ya maji hayohayo. Nyambizi yao U-533 ilionwa na ndege ya Waingereza ya kikosi cha 244, ikapigwa kwa mabomu, ikazama mbele ya Fujaira pamoja na watu 52. Na kijana mmoja, Günther Schmidt, ndiye pekee aliyejaaliwa kutoka, akaogelea kwa muda wa saa 28 hata akanusurika. Nimemtaja Mjerumani huyu kwa makusudi. Bahari haikuuliza bendera ya mtu, na mama wa kijana wa Kiel aliyengoja barua isiyokuja hakuwa na msiba mdogo kuliko mama wa kijana wa Kisumu au wa Tabora.

Sasa na tuvuke kwenda Mombasa. Baada ya Wajapani kuishambulia Ceylon kwa ndege mwezi wa Aprili 1942, kundi kubwa la manowari za Kiingereza za bahari hii lilihamishia makao yake Kilindini, na mji wa Mvita ukajaa wanamaji, vyakula vikapanda bei, taa zikazimwa usiku. Katika shule ya Allidina Visram, inayotazamana na bahari, madawati yaliondolewa na wakaingia wataalamu waliokesha wakisikiliza mawimbi ya simu za upepo za Wajapani na kufumbua maandishi yao ya siri. Na kazi yao moja kubwa ilikuwa kuzifumbua siri za meli za biashara za Japani. Watoto wa Mombasa walipita mbele ya shule hiyo wasijue kwamba ndani yake vita vya bahari nzima vilikuwa vikipigwa kwa kalamu. Mwanzoni mwa mwaka 1944 kundi lile la manowari lilikuwa limekwisha kurudi Ceylon, lakini Kilindini ilibaki kuwa mlango ambamo majeshi ya Afrika ya Mashariki yalipita kwenda mashariki, kujiandaa kwa vita vya Burma.

Kutoka Kenya, Uganda na Tanganyika watu zaidi ya laki mbili waliandikwa jeshini katika miaka ile. Wengine walikwenda kwa hiari yao, wakivutwa na mshahara, na nguo, na hamu ya kuona dunia ambayo vijana wa kila taifa wanayo. Wengine walisukumwa na machifu waliotakiwa kutoa idadi. Mtu aliyezaliwa katika miaka ya 1920 katika kijiji cha bara, ambaye hakupata kuona maji mengi kuliko ya mto wa kwao, alijikuta kambini pamoja na watu wa makabila asiyoyajua, wakiamrishwa kwa Kiswahili, wakijibizana kwa Kiswahili, wakiimba kwa Kiswahili barabarani. Na lugha yetu hii, ambayo wengi wetu tunadhani ilienezwa na vitabu na misafara ya pembe peke yake, ilienezwa pia na kambi za jeshi. Kikosi nilichokusudia kukitaja ni cha mizinga, Kikosi cha 301 cha Wapiga Mizinga wa Afrika ya Mashariki. Kazi ya mzinga si kazi ya mtu mmoja. Inataka wanaobeba makombora, na wanaopima masafa, na anayelenga, na anayevuta, na wote wawe wamezoeana mpaka kila mmoja ajue mkono wa mwenziwe uko wapi bila kutazama. Watu wa namna hiyo, waliokwisha kufundishwa pamoja na kula pamoja, ndio waliopandishwa melini, karibu wote, kikosi kizima katika chombo kimoja.

Meli yenyewe ilikuwa na maisha marefu. Ilijengwa Greenock, Scotland, mwaka 1922, kwa kampuni ya Chile, ikapewa jina la mlima mrefu wa Amerika ya Kusini, Aconcagua. Mwaka 1935 ikanunuliwa na kampuni ya Misri, ikaitwa Khedive Ismail kwa jina la mtawala ambaye katika zama zake Mfereji wa Suez ulifunguliwa. Na vita vilipozidi ikachukuliwa kusafirisha majeshi. Ilikuwa ya tani 7,513 hivi, na nahodha wake aliitwa Roderick Whiteman. Mabaharia wake wa kazi walikuwa wengi kupita mia: wa juu wenye kushika usukani na kuangalia mbele, na wa chini, wenye mafuta mikononi, katika joto la mitambo ambako mchana na usiku havitofautiani.

Yafaa tusimame kidogo kwa ajili ya hawa wa chini, kwa sababu wao ndio husahauliwa hata na wale wanaokumbuka. Baharia wa meli ya biashara hakuwa askari. Hakupewa heshima ya sare, na mpaka mwezi wa Mei 1941, katika meli za Kiingereza, mshahara wake ulikatwa tangu siku ile meli yake ilipozama, hata kama yeye mwenyewe alikuwa bado anaelea juu ya ubao katikati ya bahari. Na katika meli hizohizo, mabaharia waliotoka Bara Hindi, Aden na pwani zetu walilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa Mzungu kwa kazi ileile na kwa hatari ileile. Mimi nasema wazi kwamba hii ilikuwa dhuluma, wala kupita kwa miaka hakuifanyi kuwa kitu kingine. Kombora likipiga ubavu wa meli, aghlabu hupiga pale palipo na mitambo. Kwa hiyo yule aliyelipwa kidogo kuliko wote ndiye aliyekuwa karibu na mauti kuliko wote.

Mwanzoni mwa Februari 1944 msafara wa meli tano ulitoka Kilindini kuelekea Colombo. Pamoja na Khedive Ismail zilikuwamo City of Paris, Varsova, Ekma na Ellenga. Na mlinzi wao mkubwa alikuwa manowari Hawkins, chombo kizee cha mizinga mikubwa lakini kisichofaa sana kwa kuwinda nyambizi. Baadaye walikuja manowari wawili wepesi, Petard na Paladin, wakachukua zamu ya kulinda. Ulikuwa wakati wa kaskazi, bahari imetulia na jua ni kali, na katika bandari ya zamani ya Mombasa majahazi ya Ghuba yalikuwa yamefika, kama ada yao ya kila mwaka, kungoja kusi iyarudishe kwao. Ndani ya Khedive Ismail walikuwamo watu 1,511. Wapiga mizinga wa Kikosi cha 301, maofisa na askari, walikaribia elfu moja. Wanamaji wa Kiingereza walipita mia mbili. Na tena walikuwamo wanawake zaidi ya themanini, wengi wao wauguzi waliokuwa wakienda kutumika katika hospitali za vita. Alikuwamo pia mwandishi wa habari Kenneth Gandar-Dower, mtu aliyejulikana sana Kenya na Uingereza, ambaye miaka michache kabla ya vita aliwachukua duma kutoka Kenya akawashindanisha mbio mjini London.

Kwa siku nyingi hakuna jambo lililotokea. Kijana wa bara alizoea kidogo kidogo mwendo wa mawimbi, tumbo likatulia, akajifunza kukaa juu ya sitaha bila kushika kitu; na kwa kuwa safari ilikuwa karibu kwisha, nyoyo zilianza kuwa nyepesi. Tarehe 12 Februari, siku ya Jumamosi, msafara ulikuwa karibu na visiwa vya Maldivi, katika mlango wa bahari unaoitwa wa Digrii Moja na Nusu. Ilikuwa kama saa nane na nusu mchana. Baadhi ya abiria walikuwa wamekusanyika ukumbini kusikiliza muziki, na askari wengi walikuwa chini katika vyumba vyao, wakikimbia jua. I-27 ilikuwa imejiweka katika njia yao, ikingoja.

Makombora mawili yaliipiga Khedive Ismail, moja likafuatia jingine upesi, na mitambo ikapasuka. Meli ikalala upande, ikakatika, ikazama. Tangu pigo la kwanza hata maji yakafunga juu yake, haukupita muda wa dakika mbili. Msomaji na aupime muda huo kwa kuhesabu taratibu moja mpaka mia. Mtu aliyekuwa chini, katika giza la ghafla, ngazi zimepinda na maji yanaingia, alikuwa na muda huo tu wa kutafuta njia, kupanda, kutoka na kujitupa, naye wala hajui kuogelea. Hapakuwa na nafasi ya kushusha mashua. Hapakuwa na nafasi ya ushujaa ule unaosimuliwa katika habari za meli nyingine, ambapo watu husimama safu juu ya sitaha na kuagana. Kikosi karibu kizima, kilichofundishwa kwa muda mrefu kupiga mizinga, kilikufa bila kufyatua hata risasi moja.

Waliotupwa nje walielea katikati ya mafuta na mbao. Paladin akashusha mashua akaanza kuwaokota. Na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo, katika historia yote ya vita vya Bahari ya Hindi, ni gumu kuliko yote kulisimulia. I-27 ilijificha chini, mahali palepale walipokuwa wakielea watu. Chombo cha kusikilizia cha Petard kiliisikia. Zilikuwako meli nyingine nne zimejaa askari, na kila dakika nyambizi ile iliyobaki salama ilikuwa na uwezo wa kuzamisha nyingine. Kamanda wa Petard, Rupert Egan, akaamua: akapita pale, akatupa mabomu yanayopasukia kilindini; na watu wengi waliokuwa wameokoka katika meli, wakawa wanamtazama kwa matumaini akija, waliuawa na mshindo wa maji.

Wako wanaomlaumu Egan, na wako wanaomtetea kwa maneno mepesi ya kwamba vita ni vita. Mimi siwezi kuwafuata wala hawa wala wale. Mtu yule alikuwa na roho za maelfu katika meli nne upande mmoja, na roho za mamia katika maji upande wa pili, na muda wa kufikiri alikuwa hana. Alichagua, na wenzake wa chomboni walieleza baadaye jinsi kilio cha watu wale kilivyowakaa masikioni maisha yao yote. Lawama yangu naielekeza kwingine. Msafara wa meli tano zenye maelfu ya watu ulipelekwa katika bahari ambayo nyambizi zake zilijulikana, ukilindwa na manowari wawili tu wenye kufaa kwa kazi hiyo, kwa sababu vyombo vya ulinzi vilikuwa haba na vimepelekwa katika bahari nyingine zilizohesabiwa kuwa na thamani zaidi. Uamuzi huo ulifanywa mezani, kwa utulivu, na watu waliokuwa mbali na maji. Nao ndio unaostahili kuulizwa.

Nyambizi ililazimika kuibuka. Paladin akaikimbilia ili aigonge, akaambiwa aache, akageuka kwa kuchelewa, na bawa la chuma la nyambizi likampasua ubavu hata maji yakaingia mitamboni. Petard akabaki peke yake, akaipiga kwa mizinga ambayo haikuweza kuitoboa vizuri, akatupa makombora ya majini moja baada ya jingine, sita yakakosa, na la saba, jioni ikikaribia, likaipata. I-27 ikavunjika, Fukumura na mabaharia wake vijana wakaenda chini katika maji yaleyale, si mbali na wale waliowaua.

Huyu Petard alikuwa na historia ya kipekee, nayo inaingia katika habari yetu kwa sababu inahusu vijana wa chomboni. Tarehe 30 Oktoba 1942, katika Bahari ya Kati, mbele ya Port Said, alikuwa ameikamata nyambizi ya Kijerumani U-559 ikiwa inazama. Ofisa Tony Fasson na baharia Colin Grazier, kijana wa miaka 22 kutoka Tamworth, waliogelea wakaingia ndani yake gizani, wakatoa vitabu vya siri, na kijana wa dukani melini, Tommy Brown, aliyekuwa na miaka 16 na aliyesema uongo juu ya umri wake ili apate kazi, akavipokea kwa mikono yake. Nyambizi ikazama ghafla, Fasson na Grazier wakiwa ndani, Brown akaokoka. Vitabu vile viliwasaidia wataalamu wa Uingereza kufumbua tena siri za nyambizi za Kijerumani katika Atlantiki, na kwa hivyo kuokoa meli zisizo na idadi. Grazier alipewa nishani ya George Cross baada ya kufa, na katika mji wake amesimamishiwa ukumbusho mkubwa. Nasimulia haya bila husuda, kwa maana Grazier alistahili. Lakini mtu akiona jinsi mji mdogo wa Uingereza ulivyomtunza kijana wake mmoja aliyefia majini, hana budi kujiuliza sisi tumewafanyia nini wetu waliofia katika bahari yetu wenyewe.

Katika watu 1,511 wa Khedive Ismail walikufa 1,297. Waliookoka ni 214, wanaume 208 na wanawake sita. Nahodha Whiteman alikufa, na Gandar-Dower alikufa. Haukupata kutokea msiba wa meli uliowaua wanajeshi wa Afrika ya Mashariki wengi kiasi hicho kwa siku moja, wala katika historia ya Jumuiya ya Madola hayakupata kutokea mauaji ya wanawake wa utumishi wa vita makubwa kama hayo. Na kwa kuwa habari za meli zilizozama zilifichwa wakati wa vita ili adui asizijue, msiba ulifika vijijini ukiwa umechelewa, umefupishwa katika mistari michache, ukasomwa na karani wa chifu au mwalimu wa misheni kwa wazee wasiojua kusoma. Kwa watu wengi wa bara, ambao kwao mazishi hayatimii mpaka udongo umemfunika mtu katika ardhi ya baba zake, kifo cha majini kilikuwa kifo kisicho na mwisho. Palikosekana kaburi la kufagiliwa na mahali pa kumwagia maji.

Pwani yetu ilikuwa imekwisha kuona vita vya manowari kabla ya hapo. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliikuta Pegasus ya Waingereza katika bandari ya Unguja, ikitengenezwa mitambo, ikaipiga kwa mizinga iliyofika mbali kuliko yake, na mabaharia 38 wakafa. Makaburi ya baadhi yao yako katika kisiwa cha Chapwani mbele ya mji, yametunzwa, na mizinga iliyotolewa katika manowari hizo mbili iko Ngome ya Yesu, Mombasa, watoto wa shule wakiipanda na kupigwa picha. Askari wa Kikosi cha 301 waliandikiwa majina yao katika ukumbusho wa Afrika ya Mashariki, kwenye makaburi ya vita mjini Nairobi, kando ya barabara ya Ngong; na huko wapita njia ni wengi, wanaoingia ni wachache. Wachukuzi na askari wetu wa vita vya kwanza walipata kidogo kuliko hivyo. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hadharani kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wakiwa Waafrika wa mashariki na Wamisri, hawakuandikwa kwa majina popote, ikaomba radhi, ikaahidi kuyatafuta majina hayo.

Al Wakrah ya leo imejenga uwanja mkubwa wa mpira, Al Janoub, uliofunguliwa mwaka 2019, wenye umbo la matanga ya jahazi yaliyotwekwa, kwa heshima ya mabaharia na wazamiaji wa mji huu. Na miongoni mwa waliofanya kazi katika nchi hii wakati majengo kama hayo yakisimama walikuwamo vijana wa Kenya na Uganda, waliovuka bahari kutafuta riziki kama babu zao walivyovuka. Sisi hatuna haja ya uwanja. Kinachotakiwa ni kidogo, na kila mtu anakiweza. Msomaji ambaye katika ukoo wake yuko mzee anayekumbuka ndugu, mjomba au baba mdogo aliyepanda meli Kilindini asirudi, au aliyefanya kazi katika mitambo ya meli za biashara akapotelea njiani, na amwendee mzee huyo mwaka huu, kabla hajazimika; amwulize jina kamili la kijana yule, na jina la baba yake na la mama yake, na kijiji, na namba ya askari kama ilihifadhiwa, na barua kama zipo; ayaandike yote kwa wino, nakala moja aiweke nyumbani, na nyingine aipeleke katika nyaraka za taifa, Nairobi, Dar es Salaam au Zanzibar, au aipeleke kwa Tume ile iliyoahidi. Walioyaona mambo hayo kwa macho yao wamebaki wachache sana.